Pete Iliyopotea Shimo la Bwawa

Wifi yangu akipiga simu hasalimii. Anaanzia katikati ya habari, nawe itabidi umkimbize mpaka umpate. Siku ile alianza na "Wanamchukua!"

"Nani anamchukua nani?"

"Mume wangu, wifi! Polisi wako klabu. Wanasema kaiba pete ya Mwalimu. Chukua hicho kidude chako uje. Nakuomba wifi, njoo nacho sasa hivi."

Mume wake ni mdogo wangu, wa tumbo moja, ananifuata mimi. Kila mtu anamwita Kijiti. Kazi yake ni kuwabebea mifuko wacheza gofu, na alivyo mwembamba, walimfananisha na kile kijiti wanachochomeka ardhini kuwekea mpira. Jina likamganda. Ni mtu mzima, ana mke na watoto, lakini mama yetu alipofariki aliniachia mimi, na mpaka leo akikohoa najiuliza kama amekula.

Na hicho kidude ni mashine yangu ya kutafutia chuma. Ndiyo kazi yangu. Mtu akiangusha hereni bustanini, akipoteza funguo kwenye majani, hata bwana harusi aliyepungia wageni mkono kwa nguvu mpaka pete ikaruka, wote wananitafuta mimi. Nina fimbo ndefu yenye sahani chini na hedifoni masikioni, napita nikipepeta ardhi kushoto na kulia. Kukiwa na chuma, inalia pii. Basi na mimi nikaitwa Mama Pii. Ningefanyaje, nimezoea.

Sasa mimi subira sina, sikufichi. Niliposikia neno "kaiba", damu ilinichemka. Kijiti? Kijiti ambaye tangu utotoni hawezi kuficha jambo usoni? Akivunja kikombe, wewe hujafika jikoni unamkuta kashalia! Nilivaa viatu huku natembea, mkono mmoja umeshika mashine na mwingine unatafuta kamba ya kiatu. Wifi alikuwa ananingoja kwenye geti la klabu, kitenge kimelowa machozi.

"Walinzi wamenikataza kuingia," akasema.

"Mimi watanikataza?" nikamwuliza. Mlinzi alinitazama usoni akafungua geti.

Ofisini niliwakuta wanne. Meneja, tai imembana shingo mpaka macho yanamtoka. Sajini wa polisi, amekaa pembeni na kofia gotini. Mwalimu mwenyewe, mwenye pete. Na mdogo wangu, amesimama ukutani mikono nyuma kama mtoto aliyechelewa shule.

"Nani kasema ndugu yangu mwizi?" nikauliza kabla hata ya kuvuka kizingiti.

"Mama, tafadhali punguza sauti," Meneja akasema. "Kuna wanachama hapa."

"Wanachama wana masikio. Waache wasikie."

"Shikamoo kwanza," akasema Mwalimu taratibu.

Nikashtuka. Ni kweli, nilikuwa sijamwamkia, na ni mama mtu mzima kabisa, alikuwa mkuu wa shule kabla ya kustaafu. Aibu ilinishika. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Sasa kaa tuongee."

Akanieleza. Pete ilikuwa ya marehemu mumewe. Kwake ilikuwa kubwa, kwa hiyo aliivaa kidole gumba, na tangu siku ya mazishi haijawahi kulala nje ya mkono wake. Jana yake alicheza kama kawaida, Kijiti akimbebea mfuko. Walipofika lile shimo lililo kando ya bwawa, jua lilikuwa kali, vidole vimevimba, glovu ikakataa kuingia. Akaivua pete akaitia kwenye kimfuko kidogo cha ubavuni, Kijiti akimwona. Walipomaliza mchezo na kufika klabu, akatia mkono kwenye kile kimfuko. Kitupu.

"Na mfuko ulikuwa begani kwa huyu muda wote," akadakia Meneja. "Hakuna mwingine aliyeugusa."

"Sijasema ameiba," Mwalimu akasema. "Nimesema nataka pete yangu. Sikulala, mama. Usiku kucha nilikuwa nakishika hiki kidole." Akageukia dirishani.

Nilimhurumia, kweli nilimhurumia. Lakini ndugu yangu alikuwa amekalia kuti kavu. Nikauomba mfuko, nikaushika ule ubavu, nikaivuta zipu. Zipu gani, ilikuwa imeng'oka meno! Ukiifunga huku, inafunguka kule.

"Mnaona?" nikasema, nikaunyanyua ule mfuko mpaka puani pa Meneja. "Hapa hata tembo anatoka. Pete imedondoka njiani, imelala kwenye nyasi, na ninyi mmemsimamisha mtu ukutani!"

Sajini ndiye aliyeongea kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, na ndio watu wa kuwaogopa. "Tutafanya hivi. Tunakwenda hilo shimo la bwawa. Tunarudi kwa njia ile ile waliyopita jana. Wewe na mashine yako mbele, na huyu akuonyeshe njia. Ikipatikana, mimi sina kesi. Tukifika mlango wa klabu mikono mitupu, anapanda gari langu. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka," nikasema. "Ila na mimi nina sharti. Mashine ikinipa mlio wa maana, nanyoosha mkono juu. Mwenye mali anakuja, nafukua yeye akiwa amesimama hapo, na anaichukua kwa mkono wake mwenyewe. Mimi sigusi."

"Kwa nini?" akauliza Mwalimu.

"Kwa sababu watu wana midomo. Nikiishika mimi, kesho utasikia Mama Pii kabadilisha, Mama Pii katoa dhahabu kaweka shaba. Jina langu ndiyo kazi yangu."

Mwalimu akatikisa kichwa kunikubalia. "Huo ni utaratibu mzuri," akasema, nami nikavimba kichwa.

Tukaanza. Wao watatu walikuwa ndani ya kile kigari cha betri ambacho hakina kelele nyingi, kinakuja nyuma polepole. Mimi na Kijiti tulitangulia kwa miguu.

Asikwambie mtu kwamba uwanja wa gofu ni nyasi tupu. Chini ya zile nyasi kuna mabomba ya kumwagilia, kuna misumari, kuna sarafu wanazowekea alama mipira yao na kuzisahau, kuna vizibo na vile vipini vya kufungulia makopo ya soda. Na dhahabu haina mlio wa kifahari, hapo ndipo watu wanapokosea. Pete ya dhahabu inalia karibu sawa na kipini cha kopo. Huwezi kuchagua. Kila ukisikia mlio huo unasimama na moyo mkononi, unachimba, unakuta takataka, unashindilia nyasi, unaendelea.

Pale bwawani nilipepeta mpaka mgongo ukaniuma. Kijiti alikuwa ananisaidia kweli kweli. "Hapa ndipo alipovua, dada. Hapa niliweka mfuko chini. Hapa tulisimama, mchezaji mwenzake akipiga." Alikumbuka kila hatua, maana kazi yao ndiyo hiyo, kukumbuka mpira umepita wapi. Hakuna kitu. Tukasogea.

"Usiogope," nikamwambia kwa chini. "Mimi nipo."

"Najua, dada."

"Umekula?"

"Dada!"

"Nimeuliza tu."

Tukiwa katikati ya ule uwanja mrefu, mashine ikalia. Mlio mzuri, mviringo, hauna mikwaruzo. Nikanyoosha mkono. Kigari kikaja, Mwalimu akashuka haraka mpaka akajikwaa, Sajini akamdaka kiwiko. Nikakata nyasi kwa kisu changu, nikafunua. Kipini cha kopo. Kimekunjwa vizuri kabisa, kinang'aa.

Mwalimu alikitazama, akajaribu kutabasamu, akashindwa. "Si kitu," akasema. "Tuendelee." Akarudi kwenye kigari akitembea kama mtu mwenye mzigo. Nilitamani ardhi inimeze. Meneja akaguna, na laiti nisingekuwa na kazi mkononi angenitambua.

"Fooo!" mtu akapiga kelele nyuma yetu, ile ya wacheza gofu ya kuonya kwamba mpira unakuja. Mpira ukapita juu ya vichwa na kudunda mbele ya kigari. Kumbe kulikuwa na watu wanacheza, wamechoka kutusubiri. Meneja akasimama akiwapungia mikono na kuomba radhi. Sajini akanigeukia.

"Mama, ongeza mwendo. Hatuwezi kufunga uwanja kwa ajili yako."

"Ukiongeza mwendo mashine haisikii! Unataka pete au unataka mbio?"

"Nataka kumaliza," akasema, wala hakukasirika.

Paa la klabu lilikuwa limeshaonekana. Jekundu, na bendera juu yake. Kila nikinyanyua kichwa naliona limekaribia. Nilianza kuhesabu kimoyomoyo vitu vya kumpelekea mtu kituoni: shuka, sabuni, dawa yake ya kifua. Halafu nikajitukana. Acha uchuro, pepeta!

Nikapata msumari. Nikapata sarafu. Nikapata kipande cha bawaba, sijui ya mlango gani huko porini. Jasho liliniingia machoni. Na hapo ndipo Kijiti alipobadilika, ila mimi sikutilia maanani. Nilidhani ni woga. Alikuwa ameacha kuongea. Tulipofika kwenye kile kibanda cha kupumzikia wabeba mifuko, chenye bomba la maji na kigingi cheupe cha kupimia umbali, akanishika kiwiko.

"Huku, dada. Hapo kibandani hatukupita jana. Tulikata kwa chini, kwenye ile miti."

"Una uhakika?"

"Kabisa."

Nikageuka kufuata miti. Lakini nyuma yetu sauti ya Mwalimu ikasikika kutoka kwenye kigari. "Hapana, hapana! Tulipita hapo bombani. Nilikunywa maji, si unakumbuka? Wewe ndiye uliyenifungulia."

Kijiti akajipiga paji la uso. "Ah. Ndiyo, mama. Kweli. Nimechanganyikiwa."

"Pole," nikamwambia. "Ni haki yako kuchanganyikiwa." Jamani, nilimwambia hivyo, tena kwa huruma yote, nikamshika shavu.

Nikaanza bombani. Bomba lenyewe lililia, nikalipuuza. Nikazunguka kibanda. Vizibo. Nikasogea kwenye kigingi, chenyewe ni cha mbao, hakina chuma. Nikapitisha sahani mguuni pake.

Pii.

Laini. Mviringo. Nikarudisha sahani kutoka upande wa pili. Pii, pale pale. Nikaugeuza mwili nikaipitisha kwa kukata. Pii. Kuna milio ambayo mtu wa kazi hii anaijua na mifupa yake. Nikanyoosha mkono juu, juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu. Nikageuka nikicheka nimwambie mdogo wangu kwamba tumepona.

Mlio wa mashine ulikuwa kwenye masikio yangu peke yangu. Kijiti hakuwa ameusikia. Wala hakuwa ananitazama mimi au mkono wangu. Alikuwa anatazama mguu wa kile kigingi, na uso wake ulikuwa ule wa kikombe kilichovunjika.

Kicheko kikanikauka mdomoni.

Nyuma, nilisikia kigari kinaanza kuja. Kinavuma vuu, taratibu. Mkono wangu bado uko juu. Nikaushusha, lakini ukishanyooshwa umenyooshwa.

Nikapiga magoti, nikachomeka kisu. Sikuhitaji kukata. Nyasi zilinyanyuka zenyewe kama kifuniko cha sufuria, maana zilikuwa zimeshakatwa kabla yangu. Chini yake kulikuwa na udongo uliolegea, na ndani ya udongo kipande cha mfuko wa nailoni, mweusi, kimefungwa fundo. Fundo zuri, la mtu mwenye nafasi. Nikalibonyeza kwa kidole nikalikuta lile duara gumu ndani.

Pete inaweza kudondoka kwenye mfuko mbovu. Inaweza kubiringika, inaweza kukanyagwa ikazama. Haiwezi kujifunga nailoni.

"Dada," Kijiti akasema juu yangu, kwa pumzi tu.

"Nyamaza."

"Dada, nisikilize..."

"Nyamaza nisikuue hapa hapa."

Kigari kilikuwa kinakaribia. Nilimsikia Mwalimu akisema, "Safari hii ni yenyewe, nahisi." Niliwaza nini? Sikuwaza. Ningekuwa na nafasi ya kuwaza labda ningefanya vingine. Nilimwona mama yetu kitandani, nikamwona wifi getini na kitenge chake, na mikono yangu ikafanya kazi peke yake. Niliing'ata ile nailoni chini ya fundo, ikachanika. Nikaimwaga pete kwenye udongo, nikaisukuma ndani kwa kidole, nikaikoroga pale mpaka ikachafuka. Na ile nailoni? Mifukoni ningetia mkono wangeniona. Kigari kilikuwa kimeshasimama nyuma yangu. Nikaitia mdomoni na kuifunga midomo.

Udongo una ladha mbaya, nikwambie. Ila ladha ya kile nilichokuwa nimekifanya ilikuwa mbaya zaidi.

"Ni yangu?" Mwalimu akauliza. Alikuwa ameinama juu ya bega langu, nasikia pumzi zake.

Nikatikisa kichwa kukubali, nikamwonyesha kishimo kwa kidole.

Alipiga magoti kwenye nyasi, yeye na suruali yake nyeupe. Akatia vidole viwili, akaitoa. Akaipangusa kwenye shati, akaitazama kwa ndani ambako palikuwa na maandishi, akaivaa kidole gumba na kuikunja ngumi juu yake. Halafu akalia. Mama mtu mzima, mkuu wa shule, analia kwa sauti huku anaibusu ngumi yake. Meneja akageuka pembeni. Hata Sajini alivua kofia.

"Kazi nzuri, mama," akaniambia Sajini. "Mimi hapa sina kesi."

Nikatikisa kichwa. Ulimi wangu ulikuwa umebana nailoni kwenye shavu.

Tungeondoka pale pale, pengine yangeisha hivyo. Ningemshukia Kijiti nyumbani, ningemlima mpaka majirani waje, na siri ingekuwa yetu wawili. Lakini Mwalimu alikuwa mtu wa haki. Alisimama, akajipangusa magoti, akamwendea mdogo wangu, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu, nisamehe. Nilikushuku moyoni. Sikusema kwa mdomo, lakini nilikushuku."

Nilimtazama Kijiti. Nikasema moyoni, sasa atainamisha kichwa. Sasa atashindwa. Kumbe! Alinyoosha mgongo. Akaweka mkono kifuani.

"Nimekusamehe, mama," akasema. "Iliniuma, lakini nimekusamehe. Mimi nimelelewa kwa uaminifu. Muulize dada."

Jamani. Muulize dada! Na dada hana hata nafasi ya kufungua mdomo!

"Naona," Mwalimu akasema. "Naona malezi yenu." Akamgeukia Meneja. "Huyu nakunyang'anya, mnisamehe. Mtunza nyumba wangu ameondoka mwezi huu, nami naishi peke yangu. Nimekuwa naogopa kuweka mtu nisiyemjua." Kisha akarudi kwa Kijiti. "Utakuja kwangu, mwanangu? Kuna chumba cha nje, unaweza kuleta na familia. Nitakupa funguo zote. Mume wangu aliacha vitu vingi mle ndani, sijaweza hata kuvipanga. Nahitaji mtu ambaye nikilala najua nimelala."

Nilimkazia Kijiti macho. Kataa. Nilimwambia kwa macho yangu yote mawili: kataa, mpumbavu wewe, sema una kazi hapa, sema chochote.

"Nitakuja, mama," akasema, tena akitabasamu. "Hata kesho."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Sijui nieleze vipi. Si kwamba nilipima, nikaamua. Nilimwona tu yule mama akilala usingizi katika nyumba yake, amejifunika, ametulia, kwa sababu mimi, Mama Pii, nimemwambia kwa kichwa changu kwamba mambo ni salama. Nikaitema ile nailoni kiganjani.

Ikakaa pale, nyeusi, imelowa mate, fundo lake bado linaonekana.

"Mwalimu," nikasema. Sauti ilinitoka nzito. "Pete yako haikudondoka. Ilikuwa imefungwa ndani ya hii, na nyasi zimekatwa juu yake. Nimeifungua mimi. Nimekudanganya, nimevunja sharti langu, na yeye ndiye aliyeifukia."

Bomba lilikuwa linadondosha maji, tone, tone. Meneja alifungua mdomo, Mwalimu akamzuia kwa mkono bila kumtazama.

"Dada!" Kijiti akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto kabisa. "Dada, sikutaka kuiuza! Haki ya nani tena, mama, sikuiba! Nilitaka niipate mimi."

"Uipate vipi?" Sajini akauliza.

Ikamtoka yote, mkono mmoja unafuta pua. Wabeba mifuko wana mchezo wao. Mpira mzuri ukianguka kwenye nyasi ndefu, mtu anaukanyaga ukazama, anaweka alama, kisha anamwambia mwenyewe umepotea. Kesho yake anarudi anauokota, unakuwa wake. Wengine humrudishia mwenye mpira na kujifanya wamehangaika kuutafuta, wapate sifa. Wote wanafanya, alisema, hata wakubwa wao. Na wakati ule klabu ilikuwa inatafuta msimamizi mpya wa wabeba mifuko. Alipoiona ile pete imeteleza kwenye zipu mbovu, mguu ukamtangulia akili, akaikanyaga. Aliifunga isiharibike, akaifukia pale wakati Mwalimu anakunywa maji. Nia yake ilikuwa aje nayo mbele ya watu wote, aseme ameitafuta kila siku baada ya kazi mpaka ameipata. Hakujua kama ataitwa polisi asubuhi yake. Na akishaitwa, angeifukuaje?

Nilimsikiliza, na nilitaka kumpiga, na nilitaka kumkumbatia, na vyote viwili vilikuwa vinaniuma mahali pamoja.

Mwalimu alikuwa bado amekunja ngumi juu ya pete. Hakupaza sauti. Alimuuliza kama anavyouliza mwalimu.

"Uliniona jana nikilia pale klabu?"

"Ndiyo, mama."

"Ungeniacha nilie mpaka lini?"

Kijiti alitazama chini. Tangu utotoni hajawahi kuweza kuficha. "Mpaka Jumamosi, mama," akasema. "Siku ya kutoa zawadi. Kunakuwa na watu wengi."

Mwalimu akatikisa kichwa mara kadhaa, polepole, kama anayesahihisha kazi aliyoitegemea iwe nzuri. Kisha akanitazama mimi. Nilingoja anitukane, na ningestahili. Hakunitukana wala hakunishukuru. Alipanda kigari, akakaa, akamwambia Meneja amrudishe.

"Haya," Sajini akasema. Akamshika Kijiti mkono juu ya kiwiko, si kwa ukali. "Twende."

Niliokota mashine yangu nikawafuata. Sajini akanigeukia. "Wewe sijakuita."

"Najua hujaniita. Nimemtoa mimi, nitampeleka mimi. Mama yangu aliniachia huyu."

Alinitazama kidogo, akainua mabega.

Habari katika sehemu kama ile hukimbia kuliko miguu. Lakini hukimbia nusunusu. Mfagizi aliyekuwa karibu na klabu aliona pete kwenye kidole cha Mwalimu, hakusikia lingine, akapiga kelele hadi getini kwamba imepatikana. Kwa hiyo tulipotoka, na gari la polisi likiwa limeegeshwa pale nje, wifi yangu alikuwa anapiga vigelegele. Alikuwa anaruka, kitenge kinamwanguka, anakiokota, anaruka tena.

"Niliwaambia!" akamwambia mlinzi. "Si niliwaambia? Mume wangu na wizi wapi na wapi!"

Akanikumbatia mpaka mashine ikanigonga goti. "Wifi, Mungu akupe maisha marefu. Bila wewe leo ningekuwa mjane wa mtu aliye hai."

Sikuweza kusema kitu. Mdomo ulikuwa mtupu sasa, na bado sikuweza. Sajini alikuwa amefungua mlango wa nyuma, Kijiti ameshaingia na kukaa huku ameangalia magoti yake. Nikapanda, nikakaa upande wake wa kulia.

Wifi akachungulia. Akatuona tumekaa, akaona Sajini ameshika usukani, akapiga makofi.

"Na lifti wametupa!" akasema. Akapanda kabla sijamzuia, akajibana upande wa kushoto, akavuta mlango. Akamshika mumewe mkono, akampiga bega kwa bega, akamuuliza mbona hafurahi.